Vumbi Kichwani mwa Malkia

Usinikunjie uso kabla sijamaliza, nilikuwepo. Jumba moja la makumbusho hapa Stockholm liliniita nitafsiri, kwa sababu msafishaji wao, mama Mrundi wa kitongoji cha Akalla, alikuwa karibu kufukuzwa kazi. Sanamu za wafalme na malkia wa Ulaya, zile zinazoishia kifuani, ziling'aa mpaka shingoni. Vichwani vumbi lilikuwa limelala.

Bosi wake, kijana wa Kiswidi, akataka kujua kwa nini.

"Mama, mwambie," yule msafishaji akaniambia, mikono nyuma, "mtu mzima hashikwi kichwa. Sembuse mfalme."

Nikatafsiri. Bosi akagonga kifua cha malkia mmoja mwenye midomo iliyobanwa. "Ni jiwe hili!"

"Basi ashike yeye," Mrundi akajibu.

Bosi akanyakua kitambaa, akapanda ngazi, akanyoosha mkono. Mkono ukagoma hewani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamnong'oneza malkia, "Ursäkta," yaani samahani, ndipo akapangusa.

Mrundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Hata mimi ningemwomba ruhusa, ila sikujua anasikia lugha gani!"

Bosi akashuka, mashavu yamekuwa mekundu. Akasema mama abaki na kazi yake, vichwa atavipangusa yeye bosi mwenyewe. Nchi hii inatufundisha kila siku kwamba watu wote ni sawa, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

"Tafadhali," bosi akaniambia, "usimsimulie mtu."

Nikamjibu kwamba mimi sisimulii, huandika tu gazetini. Nikavaa koti, nikatoka, nikafunga mlango.