Mpira Wenye Shikamoo

Ukitaka kumwona Mwalimu Demetria akifanya hila, njoo Chanika siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya duka la kina Yumna. Kanisani ni mwenyekiti wa jumuiya. Kwenye rede ni mwizi. Ana miaka sitini na mbili, na ataapa mbele ya watu wazima kwamba mpira umegusa gauni, haukumgusa yeye.

Sisi ni wanawake kumi na kitu, wake za watu na mama za watu, na kila Jumatano tunaacha maharage jikoni tukacheze rede, mchezo tulioucheza tukiwa na miaka tisa. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi. Mmoja yuko katikati, anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukigongwa, unatoka. Waume zetu walicheka mpaka wakachoka, siku hizi wanajipakulia wenyewe.

Mwezi wa tatu Mwalimu aliteleza bafuni akavunjika mguu. Alikaa ndani miezi minne. Nilipokwenda kumtazama hakuuliza habari za watoto wangu. Aliuliza nani kashika nafasi yake ya katikati, halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mimi naona atacheza tena. Nilimwambia atacheza. Sikuwa na uhakika.

Jumatano iliyopita akarudi, kajifunga kanga kiunoni. Mimi na kimbelembele changu nilikwisha kuwapitia wenzangu mmoja mmoja, nikiwaonya wamrushie taratibu. Yumna, binti wa dukani, ambaye mkono wake tunauogopa wote, hakuhitaji kuonywa, kwa sababu Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha kusoma. Alimwamkia kwanza, kisha akarusha mpira ukaenda polepole kama unapiga hodi. Nami upande wa pili nikarusha vivyo hivyo. Mwalimu akajaza chupa mpaka mdomoni, tukapiga vigelegele.

Yeye hakucheka. Aliitazama ile chupa, akaimwaga yote.

“Hii mmenijazia nyie,” akasema.

Niliona aibu, maana nilidhani namlinda, kumbe nilikuwa namzika mzima mzima.

Akamgeukia Yumna. “Mwanangu, mpira wako una shikamoo. Itoe.”

Yumna alinitazama, akitaka nimwambie la kufanya. Nikatazama chini.

Mpira wa kwanza ulipita karibu na sikio la Mwalimu ukivuma. Niliudaka, nikaurudisha kwa nguvu zangu zote, akauruka, akatua kwa mguu ule ule uliovunjika. Yeye hakujali, aliinama akachota konzi ya mchanga. Ndipo Yumna alipomrushia tena, ukampata katikati ya mgongo, paa, mpaka wateja dukani wakageuka. Yumna akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alisimama palepale, mchanga ukimvuja vidoleni. Tukasubiri aape. Safari hii hakusema lolote kuhusu gauni. Alijinyoosha, akamtazama yule mwanafunzi wake, uso umemchangamka kama wa mtoto.

“Marahaba,” akasema, akatoka uwanjani akichechemea.