Ukuta Uliokataa Kukauka

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu wa Mafinga umeshuka hadi kwenye madirisha ya kanisa letu dogo, nami nimesimama mbele ya ukuta wa madhabahu na brashi mkononi, natetemeka. Baridi ilikuwepo, lakini si hiyo iliyonitetemesha.

Mwanangu, vumilia nikuite hivyo. Sijaota mvi bado. Lakini umekuja kwangu na brashi mpya ukitaka kujifunza, na aliyetangulia kujikwaa ana haki ya kukuonyesha jiwe lilipo.

Mimi sikufundishwa na fundi yeyote. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuchafua mabanzi yanayotupwa kwenye viwanda vya mbao. Usharika ulipotafuta mtu wa kupamba madhabahu kabla ya Jumapili ya kipaimara, hakuna aliyenifikiria. Ni mama yangu aliyesimama mbele ya watu akasema, "Mwanangu anaweza." Wenzake wakapiga vigelegele. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa imewekwa kwa jina la mama.

Nilitaka mbingu ya alfajiri: buluu juu, ikififia hadi rangi ya maziwa chini. Nikachanganya rangi nyeupe ya maji na matone ya buluu, na nyeusi kidogo sana, kopo baada ya kopo. Hapo ndipo nilipopotea, maana kopo la pili halikufanana na la kwanza. Ukutani ukatokea mpaka, kama kovu. Nikaurekebisha. Rangi hii ikiwa mbichi huonekana nyepesi, ikikauka hukolea, nami sikuweza kungoja. Nikaongeza giza juu ya giza. Doa likazaa doa.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi ukuta ulikuwa bado unanata. Kwenye zile video rangi hukauka mtu akiwa anamalizia soda yake. Huko hawaujui ukungu wetu. Basi nikafanya tunavyofanya nyumbani baridi ikizidi: nikawasha jiko la mkaa, nikaliweka karibu na ukuta, nikafunga mlango na madirisha yote. Nikaendelea kugusagusa. Kichwa kikaanza kugonga. Nikajiambia ni woga. Miguu ikalegea. Nikajiambia ni woga. Nilikuwa nimezoea kuogopa, hata hatari yenyewe ilipofika sikuitambua.

Mama alikuja na chupa ya chai. Nakumbuka mlango ukifunguka kwa kishindo, na mkono wake kwenye kola yangu, ukiniburuta hadi kwenye nyasi zenye umande. Nikatapika.

"Usiache mlango wazi, mama. Rangi itaharibika."

Ndiyo, mwanangu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza.

"Nyamaza! Nilisema unaweza kupaka rangi. Nilisema nakutoa sadaka?"

"Kesho watakucheka."

"Wanicheke! Nilipoolewa niliwapikia wakwe ugali mbichi. Wananicheka mpaka leo. Nimekufa?"

Aliyasema hayo kwa ukali, lakini alipojaribu kunimiminia chai, yote iliishia kwenye khanga yake. Sijawahi kumwona mama akiogopa vile, wala siombi kumwona tena.

Akanipeleka zahanati, wakasema ni hewa yenye sumu ya mkaa. Tuliporudi mchana jua lilikuwa limetoka, upepo umepita madirishani, na ukuta umekauka wenyewe, ukaonyesha madoa yake yote bila aibu. Nikaachana na alfajiri. Nikachanganya rangi ya ukuta mzima kwenye ndoo moja, ikatoka kijivu kama wingu la mvua, nikapaka kidogo kwenye banzi, likakauka kwanza, nikalitazama palepale madhabahuni. Kisha nikaanza kona moja nikaenda hadi nyingine bila kupumzika, kila mpako ukikutana na mwenzake ungali mbichi. Mama alikaa benchi la mbele. Kila nilipotaka kurudi nyuma niguse, alisema, "Wee!" Basi.

Kesho yake mzee mmoja wa kanisa akautazama ule ukuta, akakuna kidevu. "Hii mbingu ni ya kwetu kabisa," akasema. "Nani kaja na mwavuli?" Watu wakacheka. Mama alicheka kuliko wote.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Changanya rangi yote pamoja, na mwishoni bakiza kidogo ya kurekebishia kwenye kopo lililofunikwa. Iamini rangi iliyokauka, si mbichi. Doa bichi liache. Kulisumbua ni kulilisha. Jiko la mkaa lisiingie kabisa mahali ulipofunga madirisha, hata vidole vikifa ganzi. Nami sitakudanganya kwamba woga huisha. Jana tu nilisimama mbele ya ukuta mtupu huko Iringa, viganja vimelowa jasho. Ila sasa kichwa kikinigonga, natoka nje kwanza, ndipo nijiulize kama ni woga.

Nenda, mwanangu. Mungu autulize mkono wako, na asikukoseshe mtu wa kuja kukutazama ukikawia.