Nilifanya update ya blogu asubuhi ya arobaini ya baba, orodha ya marehemu ikagoma kufunguka

Wakuu, habari za humu.

Hiki ni kisa changu mwenyewe na sijatia chumvi. Atakayesema ni chai aniachie kikombe, nitakunywa mwenyewe.

Juzi kuna mdau aliuliza humu ni wakati gani mtu afanye update ya programu ya blogu yake. Kundi la kwanza likamjibu: "Ikitoka tu bonyeza, acha ushamba." Kundi la pili: "Kitu kinafanya kazi, unakigusa ili iweje?" Watu wakatukanana kurasa nne.

Nilisoma kimya. Mimi nimewahi kuwa mjinga wa makundi yote mawili, tena ndani ya asubuhi moja.

Kidogo kuhusu mimi. Nina miaka arobaini na kitu, elimu yangu kidato cha nne. Nimeishi Tunduma, Geita na Masasi. Sasa nimepanga Pangani (ya Kibaha, siyo ya Tanga, msianze) na kibarua changu kipo Kwala. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kumaliza miaka mitatu sehemu moja.

Anwani pekee ambayo sijaihama ni blogu yangu.

Naandika mambo ya zamani ya kwetu Kisarawe. Njia za miguu zilizopotea, nani alikuwa wa kwanza kununua redio, shamba lipi lilikuwa na mikorosho ya nani. Wasomaji wengi ni ndugu zangu, na nusu yao husoma ili wapate cha kunikosoa.

Theme yake, yaani ile sura ya blogu, niliiweka enzi zile za internet café. Rangi ya udongo, na juu kabisa picha ya barabara ya Kisarawe kabla haijawekwa lami. Aliyeitengeneza aliacha kuihudumia kitambo, nadhani siku hizi anafuga kuku.

Kila nikiingia nakuta duara jekundu lenye idadi ya update zinazosubiri. Nilikuwa naliangalia kama mtu anavyoangalia mita ya umeme ya jirani. Ikafika thelathini na saba. Sababu ya kutogusa haikuwa ya kitaalamu hata kidogo. Niliogopa ile picha ya barabara itaondoka.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Kwetu kila hitma, kabla ya dua, maalim hupewa orodha ya marehemu wa ukoo awataje mmoja mmoja. Orodha yetu ilikuwa kwenye daftari la baba, daftari likaliwa na mchwa. Baba akanikalisha chini akanitajia majina, nami nikayaandika moja kwa moja kwenye blogu, bila karatasi. Nikajiona msomi. Nikawatangazia ndugu kwamba mchwa hawali intaneti.

Tangu hapo hitma ikifika natoa simu, nafungua ukurasa, maalim anasoma.

Mwaka huu baba naye akafariki. Arobaini ikapangwa Jumamosi, nyumbani Kisarawe, dua baada ya adhuhuri. Jina lake lingesomwa kwa mara ya kwanza pamoja na wale aliowataja mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani: ule ukurasa ufunguke.

Asubuhi Rashidi, mtoto wa baba mdogo Hamisi, anayekaa Dar, akafungua blogu kwenye simu yake kubwa kama sahani ya pilau. Akaanza kucheka mbele ya watu.

"Kaka, hii mpaka uilaze simu ubavu ndo usome? Inafanana na kibao cha zahanati kilichonyeshewa mvua."

Watu wakacheka. Miaka yote nilikaa na ile namba nyekundu bila presha, kicheko kimoja cha Rashidi kikanigeuza mtaalamu.

Nikaenda nyuma ya choo, ndipo mtandao unapatikana pale nyumbani. Nikachagua zote thelathini na saba. Programu ikaniuliza kwa adabu kabisa kama nina backup, yaani nakala ya akiba. Nikaijibu kwa kubonyeza endelea.

Wakuu, ni sawa na mtu anayebomoa jiko asubuhi ya harusi ili wageni wakute jipya.

Ule mstari wa kuonyesha update imefika wapi ukatembea, ukafika katikati, mtandao ukakata. Uliporudi nikakuta ukurasa mweupe, na sentensi moja ya Kiingereza inayosema tovuti ina hitilafu kubwa. Hiyo hata mimi wa kidato cha nne niliielewa.

Nikampigia Beka, fundi wa simu na tovuti pale Maili Moja.

"Umegusa nini?"

"Nimefanya update."

"Ipi?"

"Zote."

Nikamsikia anamwambia mteja, "Subiri kidogo mama, hapa kuna mtu anajiua."

Akarudi kwenye simu. "Sikiliza kaka, usibonyeze kitu kingine chochote. Maandishi yako bila shaka yapo, kilichovunjika ni mlango. Ila mimi nitaishika jioni, hapa nina foleni."

"Jioni? Beka, dua ni saa saba!"

"Basi ungenipigia jana."

Kama saa sita na nusu, shangazi Mwajuma akanifuata kule kule. Ni dada yake baba, ana sabini na kitu, ila ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Maalim anauliza orodha. Umekuja kuwatafuta huku chooni?"

Nikaanza kumweleza habari za theme na server. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kwa hiyo majina hayapo."

"Yapo shangazi, ila hayafunguki."

"Wenzio walikufa mara moja, wewe umewaua tena. Na baba yako, hata arobaini yake haijaisha, umemchanganya humo humo."

 

Akaondoka, nikamfuata kama mtuhumiwa. Akasimama mlangoni, kati ya wanawake waliokuwa ndani na wanaume waliokaa chini ya turubai, akatangaza bila kunihurumia:

"Simu ya msomi imekufa. Rashidi, wewe uliyekuwa unacheka, lete kalamu na karatasi. Kila mtu ataje wake."

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Huyu anataja babu, yule anasema huyo babu ni wa upande wa mke. Bibi mmoja akatajwa mara tatu kwa majina matatu. Baba mdogo Hamisi akajifanya mwamuzi wa kila jina, mpaka sauti ya mkewe ikatoka ndani: "Na mama yangu je, au kwa kuwa alikuwa anakuona mvivu?" Maalim akainamisha kichwa, mabega yanacheza.

Nikaandika. Jina la baba likaingia. Tukadhani tumemaliza, maalim akanyoosha mkono apokee karatasi.

"Bado," shangazi akasema. "Andika Zaituni."

Maalim akarudisha mkono.

"Zaituni gani?" nikauliza. Umri wote huu sikuwahi kusikia Zaituni katika ukoo wetu.

"Mdogo wangu anayenifuata. Dada yake huyu Hamisi. Aliolewa Morogoro na mtu ambaye baba yako hakumtaka, akafia huko huko. Baba yako hakutaka jina lake litajwe. Kwenye daftari hakumwandika, na wewe hakukutajia."

Baba mdogo akakohoa. "Dada, si leo. Leo ni siku ya kaka."

"Hamisi, kila hitma nakaa hapo ndani namngoja kwenye hiyo simu, hatoki. Mwandike."

Wote wakamgeukia maalim. Maalim akasema yeye husoma alicholetewa.

Nikaandika. Majina yakasomwa yote, la baba na la Zaituni yakafuatana, kwa sababu ndivyo yalivyokaa kwenye karatasi. Shangazi alivuta mtandio ukamfunika uso wote, na hakuutoa mpaka dua ikaisha.

Najua kuna mtu humu anaandaa comment kwamba blogu iligoma kwa makusudi ya Mungu. Kaka, tulia. Blogu iligoma kwa sababu nilirundika update miaka, nikazibonyeza zote kwa hasira, kwenye mtandao wa nyuma ya choo. Tulipona kwa sababu wanaokumbuka walikuwepo. Kwenye arobaini yangu mimi watakuwa wachache.

Beka aliirudisha Jumatatu. Maandishi yote yalikuwepo, na picha ya barabara pia. Theme ndiyo haikupona. "Kaka, hii ilikuwa marehemu zamani," akaniambia, "wewe tu ndo ulikuwa hujapewa taarifa."

Nilichojifunza ni hiki. Usifanye update siku ambayo kuna mtu anaingoja hiyo blogu, na usifanye kwa sababu umechekwa. Lakini pia usikae nazo mpaka ziwe ukoo. Za usalama zikitoka ziweke siku chache baadaye, haziwezi kusubiri mapenzi yako kwa picha. Chukua backup, kisha jaribu kama inarudi kweli, maana backup ambayo hujawahi kuirudisha ni tetesi tu. Ndipo ubonyeze, mojamoja, siku tulivu, fundi wako akiwa mezani. Mimi nimejiwekea Jumanne ya kwanza ya kila mwezi.

Na majina nimeyaandika kwenye madaftari matatu, nyumba tatu tofauti. Mchwa wagawane kazi.

Haya, njooni na kejeli zenu. Ila kabla hujaandika, taja kwanza una update ngapi zinazokusubiri na backup yako iko wapi. Ukisema iko kwenye simu hiyo hiyo, kaa kimya.

NYONGEZA: Naona mmeuliza kama jina la Zaituni liliingia kwenye blogu au liliishia kwenye karatasi.

Ukurasa wa kwanza niliougusa blogu iliporudi ni ule. Niliongeza baba, nikaongeza Zaituni. Siku ya pili baba mdogo Hamisi akanipigia. Alisema siku ile ilikuwa dharura, lakini mtandaoni watu wote wanaona, kwa hiyo jina la Zaituni nilitoe mpaka ukoo ukae kikao.

Nikamwambia, shikamoo baba mdogo, kikao kaeni tu. Password ninayo mimi.