Mabakuli Matano ya Nyama ya Kusaga

Ulikuwa mwaka ule lami ilipofika mtaani kwetu. Hapana, nasema uongo. Lami ilikuja mwaka uliofuata. Mwaka ninaousema mimi tulikuwa bado tunakanyaga tope, maana nakumbuka mkwe wangu akivua viatu mlangoni kila Jumapili, mfuko wa nyama mkononi.

Mkwe, yaani mke wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Jioni akitoka huko mgongo umemkatika, hana hata nguvu ya kumenya kitunguu. Mumewe alikuwa mpakiaji kwenye ghala la saruji. Kifua kilimlaza hospitali muda mrefu, akatoka nguo zinamning'inia kama zimeanikwa. Nesi akamwambia mkwe, "Dawa yake sasa ni chakula cha kujenga mwili. Nyama, mayai, maharage. Akikonda tena, kifua kitarudi." Neno hilo lilimkaa rohoni.

Basi Jumapili akawa anapika ya wiki nzima. Buchani hakuwa mtu wa kupewa kipande chochote.

"Kaka, mafuta hayo toa kwanza. Na mashine uioshe nikiona."

"Dada, unanunua nyama au unakagua hospitali?"

"Vyote viwili. Saga mara mbili."

Nyumbani aliikaanga bila mafuta mpaka maji yake yakauke, ndipo vitunguu, saumu, karoti na nyanya. Chini ya bakuli wali kidogo, juu yake maharage, kisha nyama tele, na yai la kuchemsha limepasuliwa. Mabakuli matano yenye vifuniko, moja kwa kila siku ya kazi, yakaingia kwenye friji. Jioni ni kupasha tu. Wenzake wakamwita Mama Bakuli, naye akacheka. Mimi nilipita pale kila Jumapili. Mzee asiye na pake hakosi pa kupita.

Mpwa alipopewa zamu ya jioni, akawa anabeba bakuli lake kwenda ghalani. Lilirudi tupu kila mara, lakini mtu mwenyewe hanenepi. Mkwe akazidisha nyama. Mashavu yakazidi kuingia ndani.

"Mjomba, mtu anakula hivi na anakwisha hivi, ni nini?"

"Labda mizigo, mwanangu. Kamwone msimamizi, ampe kazi ya kukaa."

Nilimsindikiza, siku ambayo mumewe alikuwa mapumziko. Langoni kulikuwa na mlinzi, shavu linang'aa kama limepakwa siagi. Mkwe alipojitambulisha, yule bwana akasimama.

"Kumbe ndiye wewe, shemeji! Mkono wako usipungukiwe. Ile nyama ya kusaga imenirudishia ujana."

"Nyama gani?"

"Si hii anayonipa jamaa kila jioni? Anasema kwake ameshiba. Yeye hapa ni chai ya rangi na mkate tu."

Msimamizi hatukumwona. Tulirudi nyumbani. Mpwa alikuwa kitandani, akainuka alipouona uso wa mkewe.

"Nilikukosea nini?" mkwe akauliza.

Hakujifanya haelewi. "Kila nikifunua kile kifuniko naona wodi. Wenzangu wanabeba mkate, mimi nabeba chakula cha mgonjwa. Wananiuliza kama na uji umenikorogea."

"Kwa hiyo umemlisha mlinzi."

"Nilitaka kuwa mwanamume kama wenzangu."

"Wenzako wana mapafu!"

"Punguza sauti, mjomba yupo."

"Mjomba abaki asikie! Tangu utoke hospitali mimi sijaitia nyama ile mdomoni. Nafuta sufuria kwa wali, basi, nimekula. Ungeniambia tu huitaki, ningekukaangia mawe."

Nikaitazama kofia yangu.

Tangu siku ile alikula mbele yake, kijiko kwa kijiko, kama anameza dawa. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Kifua kilirudi kama nesi alivyosema, na safari hii hakikuja kutembea.

Nilikwenda kumtazama. Mkwe alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa, tukabaki wawili. Nikavuta kigoda. Kwamba alilionea haya bakuli, hilo nalielewa. Wanaume tuna ujinga wetu. Kilichonikaba ni kingine, nikamwuliza polepole. Akageukia ukutani, akavuta shuka. Juma lile lile tukamzika, na mkwe sijathubutu kumgusia. Nilimwuliza hivi: "Mwanangu, ulipokuwa unampa mlinzi lile bakuli, ulijua mkeo anakula nini?"