Robine Yenye Kuuma Mujane

Miaka tisa mizima Émérence hakusahau neno moja ya shemeki yake Édouard: «Hata maji inamukatala.»

Édouard alisema vile mu kilio, mwaka 1974, maiti ya Nicolas ikiwa bado mu nyumba. Nicolas alikuwa bwana ya Émérence, na kaka mukubwa ya Édouard. Alitumikaka ku kampani ya migodi mpaka mapafu ikaoza, akakufa. Vile desturi inaombaka, mujane akavula biatu, akaenda miguu butupu kuteka maji ku robine ya avenue, pale pa simenti yenye kulowana. Kugusa tu chuma, mukono ikakamatwa, ikatetemeka mpaka ku bega. Beseni ikaanguka.

«Inaniuma!» akalalamika.

Bamama bengine bakagusa ileile robine. Bo balikuwa na biatu ya plastiki. Habakusikia kitu.

Njo Édouard akanyoosha kidole. Alikuwa chef ya avenue, tumbo mbele, botte ya mpira ku miguu. «Alimukula bwana yake! Hata maji inamukatala. Mulozi!»

Bukoo ya bwana njo inasafishaka mujane, njo inamurudishiaka biatu. Édouard akakatala: mpaka mulozi aseme vile alimukula Nicolas. Émérence akakatala kusema bongo. Akabakia miguu butupu: mwaka moja, tatu, tisa. Batoto balikatazwa kukaribia robine juu ya bulozi yake, bakamutupia mawe. Ye alitekaka maji ku kamuto, kule mbali, bega moja ikashuka juu ya buzito ya ndoo. Siku mingine, wakati hakuna muntu, alijaribu kugusa ile robine na kidole moja. Kuna siku ilinyamaza. Kuna siku ilimuuma. Njo akaanza kujiuliza mwenyewe, na ile njo woga mubaya kupita yote: pengine niko mulozi kweli, na sijue?

Mu 1983 Édouard akamuletea neno mupya: «Siku ya yenga, siku ya misa, utatoka. Nyumba iko ya bukoo. Ukikatala, najua bantu benye batakutosha, na hautarudia tena.» Kwa ile wakati, muntu akisema vile, haumuulizi ni bantu gani.

Siku ya tano, mbele ya ile yenga, Stanislas akafika, elektrisien ya kampani. Umeme, courant ya barrage ya Mwadingusha, ilikuwa inapotea mu ile avenue, na bakubwa balitaka kujua inapotelea wapi. Alikuwa na pense yenye kufunguka kama mudomo, na kishale mu kioo yake. «Hii inakumbatia waya, inasema courant ngapi inapita,» akabaelezea bantu ya avenue. Kisha akakumbatisha ile pense, si ku waya, ku tuyo ya chuma yenye kuleta maji ku robine.

Kishale ikaruka.

«Ampère munane! Ku tuyo! Bantu ya hapa, munakunywa maji ao munakunywa courant?»

Bakacheka, lakini kicheko ya woga.

«Robine iliisha kuuma nani hapa?» Stanislas akauliza.

Jirani Georgette akaonyesha na mudomo tu. «Ule mama. Inamuuma ye peke yake. Ye ni mulozi.»

Stanislas hakuangalia uso ya Émérence. Aliangalia miguu yake. «Mama, biatu yako iko wapi?»

«Balinikatalia.»

«Ah. Courant inapitaka mu miguu butupu, plastiki inaizuia.» Akafuta jasho. «Nitazima nyumba moja moja. Pale kishale itaanguka, njo pale courant inatokea.»

Émérence akaangalia nyumba yake. Na kama itaanguka kwake? Alisimama hapo, vidole ya miguu ikishika udongo, akangojea. Stanislas akatosha fusible ya nyumba ya Émérence, courant ikakatika. Kishale haikutikisika. Akatosha ya Georgette. Hapana.

Kufika kwa Édouard, ule muntu alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kisanduku ya fusible. «Kwa chef ya avenue haugusi. Jina yako nani? Nitakuandika, petit. Utalala fasi mbaya.»

Stanislas akarudi nyuma hatua moja. Sasa ataenda, Émérence akawaza, na siku ya yenga miye natoka.

Njo mudomo ya Émérence ikafunguka.

«Shemeki, juu ya nini unatekaka maji na botte? Hata mu mwezi wa munane, jua kali, mavumbi. Miaka tisa sijaona miguu yako ku ile robine.»

Macho ya bote ikashuka ku botte. Édouard naye akajiangalia, na mu ile kujiangalia Stanislas akapita, akatosha fusible.

Kishale ikaanguka mpaka zero.

Nyuma ya kikoni bakakuta waya ya réchaud ya kupikia na ya frigo ya bière imefungwa ku tuyo. Courant ilirudilia mu tuyo ya maji, kontere yenye kuhesabu courant ikalala, Édouard hakulipa.

«Niliwaza itauma kidogo tu,» Édouard akasema.

«Uliwaza,» Émérence akasema.

Georgette akaanza kulia: «Miye pia ilinigusaka, siku kiatu ilikatika. Nilinyamaza juu niliogopa baseme mulozi ni miye pia.»

«Nilikuona ile siku. Nyamaza tena,» Émérence akamujibu.

Stanislas akakata ile waya. Émérence akaenda ku robine, miguu butupu. Akafungua. Maji ikatoka, maji tu. Akaosha miguu yake mwenyewe, moja, ya pili, polepole, bote baone.

Bibi ya Édouard akakimbia kuleta biatu mupya. Édouard akaishika na mikono mbili, akainama. «Shemeki, kamata. Bukoo inakusafisha.»

«Vula botte,» Émérence akamujibu. «Tembea miguu butupu miaka tisa. Kisha utaniletea.»

Akajaza beseni yake maji, akaibeba ku kichwa, akaingia mu nyumba yake.