Chumvi Iko Mezani

Saa saba mchana, Mama Chapwa anafunua sufuria ya dengu na mvuke unampiga usoni. Haonji. Anapakua, anaongeza biringanya, anasukuma sahani kwenye kidirisha cha jikoni. "Mwenye njaa na aje!"

Mkahawa una meza tano, kila moja na kikopo chake cha chumvi. Fundi cherehani wa duka la pili anaketi, ananyunyiza, ndipo anashika kijiko. Wenyeji wote hufanya hivyo. Hapa nyama haipikwi, na sufuria haitiwi chumvi.

Mkahawa Mama Chapwa aliuanzisha na mumewe, aliyekuwa mwosha vyombo na mchekeshaji wa nyumba. Moyo wa mume uliposumbua, daktari alimkataza nyama na chumvi. Mke akazifukuza zote mbili jikoni.

"Nimpikie mume wangu chakula cha mgonjwa, wengine niwapikie chakula cha watu?" anauliza. "Tukala chungu kimoja."

Baadhi ya wateja walihama. Waliobaki walimbandika jina la Mama Chapwa, naye akalicheka. Mume alikula kwenye meza ya mlangoni, akiwatania: "Taratibu jamani, mtageuka samaki wa kukaushwa!"

Alifariki miezi minne iliyopita. Baada ya mazishi, binti yao anayehudumia meza alimwambia mama yake: "Sasa tia chumvi. Wageni wanaonja, wanaondoka."

Akatia.

Siku hiyo wateja waliketi, wakanyunyiza kama kawaida. Kijiko cha kwanza tu, nyuso zikakunjamana. Fundi alitema kiganjani. "Shemeji, unatuua?"

Mama Chapwa alimwaga sufuria yote, akakaa sakafuni.

"Kaburini sikulia," anasema. "Nililia pale. Mkono wangu mwenyewe ndio ulioniambia hayupo."

Kesho yake alirudi kupika chapwa. Zamani aliuza sahani sitini kwa siku. Leo hazifiki thelathini, na mwenye nyumba ameshapiga hodi mara mbili. Binti hajachoka kumsihi: "Baba hali tena, mama."

"Najua. Mimi bado nampikia."

Kwenye meza ya mlangoni, mgeni mwenye tai anasukuma sahani. "Mama, chakula hakina ladha. Hata samahani hakuna?"

Binti anafumbua mdomo. Mama yake anamwahi, anatoka akipangusa mikono kwenye aproni.

"Chumvi iko mezani, mwanangu. Kesho nitapika hivi hivi, na nikibaki na mteja mmoja nitampikia hivi hivi. Samahani siombi."