Mfereji Wangu wa Kijito cha Lantern

Nilifundisha jiografia miaka ishirini na tisa katika shule ya sekondari hapa bonde la Bitterroot, jimbo la Montana, Marekani. Kila mwaka tulipofikia mmomonyoko wa udongo nilikuwa napanda juu ya meza nikiwa na birika, namwaga maji kwenye sinia la mchanga lililokuwa sakafuni, ili watoto waone jinsi maji yanavyoondoka na ardhi. Nilisifika kwa somo hilo. Wengine hawakumbuki kingine chochote nilichowafundisha.

Nilipostaafu nikanunua farasi. Alikuwa jike la kahawia, miaka kumi na minne, jina lake Opal. Aliyeniuzia alisema ni mpole, hata mtoto anampanda. Hakuniambia kwamba mtoto huyo alijua kupanda. Siku ya kwanza nilimfunga tandiko, naye akajaza tumbo hewa, akangoja nikaze mkanda, kisha akaishusha pumzi taratibu. Nilipoweka mguu ili nipande, tandiko likazunguka nalo likanizungusha, nikajikuta nimelala chini ya tumbo lake. Corinne, mke wangu, alikuwa akitazama dirishani. Hakutoka nje. Alifungua dirisha tu akasema, "Leland, nadhani unatakiwa kukaa upande wa juu."

Hata hivyo kufikia kiangazi nilikuwa napanda njia za mlimani kila wiki, na kwa kuwa napanda nikajiona mwenyeji wa milima ile. Siku moja nikakuta mti umeangukia njia ya Kijito cha Lantern. Wiki tatu baadaye bado ulikuwa pale pale. Nikaenda kwenye mkutano wa chama cha wapanda farasi wanaojitolea kutunza njia hizo, nikasimama, nikajitambulisha kwa majina yangu yote matatu, nikauliza ni nani hasa anayehusika na uzembe huu.

Mwenyekiti alikuwa Ardith Kvamme, mwanamke mfupi wa miaka sabini na minne, aliyeanza kusafisha njia zile nilipokuwa bado chuoni.

"Mti wenyewe una unene gani?" akauliza.

"Kama pipa."

"Ulikuwa na msumeno?"

"Sikuwa nao."

"Basi Jumamosi utakuwa nao. Saa kumi na moja alfajiri tunapakia farasi. Anayefuata nani?"

Kule juu ni pori la hifadhi, na hairuhusiwi mashine yenye injini, hata ya kukorogea mayai. Miti hukatwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Mwenzangu alikuwa Emmett Rasch, fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma kwatoni, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye bahasha. Siku ile nilimfanya ayatumie yote.

"Vuta," akasema.

"Navuta."

"Unavuta halafu unasukuma. Usisukume. Vuta, kisha niachie mimi nivute."

Nikavuta, nikasukuma. Msumeno ukapinda kama upinde, ukakwama.

"Ulikuwa unafundisha nini, Mwalimu?"

"Jiografia."

"Afadhali. Niliogopa utasema useremala."

Mti ulitoka saa nne baadaye. Viganja vyangu vilitoka malengelenge manane, nami niliyaonyesha kwa Corinne, kwa jirani, na kwa mhudumu wa posta. Nilikuwa nimenogewa. Sikukosa Jumamosi hata moja, na kufikia Agosti Bi Ardith akaniamini vya kutosha kunipa kazi ya peke yangu: kuchimba mfereji kwenye kona ya tatu juu ya kijito.

"Maji ya mvua yanakuja na njia," akaniambia kutoka juu ya farasi wake. "Ukate mfereji mshazari, ukatize njia yote, uinamie upande wa bondeni, maji yatoke yaende zake. Umenielewa?"

"Bi Ardith, mimi maji nimeyafundisha miaka ishirini na tisa."

Emmett aligeuka akamtazama nyumbu wake, yule wa mizigo, kama mtu anayetafuta shahidi.

Nilichimba mchana kutwa. Nilianza nimeelekea mlimani, jua likaniunguza shingo, nikageuka nikaendelea nimeelekea chini. Nikaupanga mawe kingo zote mbili, bapa kwa bapa, mengine nikiyabeba kutoka kijitoni. Ulipendeza. Niliupiga picha tatu, moja nikamtumia ndugu yangu aliye Minnesota, ambaye hakuniuliza.

Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Juni, nikapanda na Opal kwenda kuona hali. Kwenye kona ya tatu Opal alisimama, na mimi nikasimama. Njia haikuwapo. Palikuwa na korongo la hatua arubaini, kina chake kiunoni, na mizizi ya misonobari ikining'inia hewani. Juu kabisa niliona mfereji fulani umekatwa kinyume: badala ya kutoa maji bondeni, uliyachota yote na kuyaelekeza ukingo wa mlimani, nayo kwa kukosa pa kutokea yakateremka na njia.

Nilighadhibika. Nilikuwa na ghadhabu safi, ya mtu asiye na kosa. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kurasa mbili, nikaisoma mbele ya mkutano nimesimama.

"Aliyechimba mfereji huu," nilisoma, "ama hajawahi kuyaona maji, ama aliyaona bila kuyaangalia. Nashauri mtu huyu airudishe njia kwa mikono yake mwenyewe."

Bi Ardith alivaa miwani, akafungua daftari la kazi. Huandika kila kitu.

"Kona ya tatu, Kijito cha Lantern," akasoma polepole. "Agosti kumi na mbili. Mfereji mmoja, umepangwa mawe." Akavua miwani.

"Soma na jina," Emmett akasema.

"Nadhani analijua."

Nililijua. Lilinijia taratibu, kuanzia masikioni. Nilipogeuka kukwepa jua, kushoto kwangu kukawa kulia, na mshazari niliokuwa nao kichwani haukugeuka pamoja nami. Na mawe je? Kumbe yale mawe hata sikuyatambua. Nilikuwa nimepita juu yake nikiyalaani.

Kutoka viti vya nyuma, Tressa, daktari wa mifugo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, si wewe uliyekuwa unapanda mezani na birika?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kukohoa.

Nyumbani nilimwambia Corinne naacha. Nitauza farasi, nitaanza kuvua samaki.

"Sawa, acha," akasema. "Ila umeandika mwenye kosa airudishe njia kwa mikono yake. Ukurasa wa pili. Mimi ndiye niliyekusahihishia mkato hapo."

Kwa hiyo nikaenda. Nilipanda mara kumi na moja kiangazi kile. Bi Ardith hakuwapo, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kubadilishwa nyonga. Lakini safari ya pili nilimkuta Emmett kwenye maegesho ya magari mwanzo wa njia, nyumbu wawili wameshafungwa masanduku ya mizigo. Sikumwomba, naye hakueleza. Tulijenga ukuta wa mawe kushikilia ukingo, tukajaza kokoto, sanduku kwa sanduku. Siku ya kukata mfereji mpya alinipa sufuria ya kahawa iliyojaa maji.

"Mwaga kwanza, uone yanakwenda wapi. Maji hayajali kama ulikuwa mwalimu."

Nikamwaga. Nikachimba kidogo, nikamwaga tena. Siku ile nilishuka kijitoni kuteka maji mara ishirini na sita, na Opal, kwa uchovu wa kunisubiri, akala ukingo wa kofia yangu.

Mwisho wa Agosti wingu jeusi likaja kutoka Idaho, jimbo jirani. Mtu mwenye akili anashuka mlimani. Mimi nilipanda, nikasimama kwenye kona ya tatu nimejifunika koti la mvua, nikangoja. Mvua ilinyesha ya kumwaga. Maji yakaja na njia, ya rangi ya chai ya maziwa, yakafika kwenye mfereji, yakasita kidogo, nikabana pumzi; yakageuka, yakaruka ukingoni, yakaenda zake bondeni. Nikapiga yowe la furaha. Opal akashtuka, akakata kamba, akarudi nyumbani bila mimi. Nilitembea maili saba kwenye matope nikiimba.

Septemba, daktari alimruhusu Bi Ardith kupanda farasi tena, mwendo wa pole. Akachagua njia ya Kijito cha Lantern. Nilivaa shati safi. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kujishusha, yale ya "ah, ni kazi ya Emmett zaidi." Tulipokaribia kona ya tatu nilijiweka nyuma yake ili nimwone vizuri. Yeye alikuwa akisimulia habari za dada yake na mti wa tofaa uliogombaniwa na majirani. Farasi wake akavuka mfereji. Akapita ukuta. Hakutazama chini hata mara moja.

Nikakohoa.

"Leland," akasema bila kugeuka, "mafua hayo. Rudi nyumbani ukanywe kitu cha moto." Kisha akaendelea na hadithi ya dada yake.

Nyuma yangu nikamsikia Emmett akicheka. Tangu nimjue, sikuwahi kumsikia akicheka. Sauti yake ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta, na ilidumu mpaka kona ya tano.